Niache Kazi Nikasome, au Nisome Nikiwa Kazini?

BARUA

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Nina umri wa miaka 33, nimeolewa, na tuna watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka mitatu. Kwa miaka minane nimefanya kazi katika idara ya ugavi ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo, na katika mitatu ya mwisho nimekuwa msimamizi wa kikundi cha watu sita. Shahada yangu ya kwanza ni ya jiografia, kwa hiyo mambo ya hesabu za kampuni, mtaji na masoko nimeyaokota kazini kipande kipande, na mara nyingi katika vikao huitikia kwa kichwa jambo ambalo sijalielewa, kisha jioni nikalitafuta maana yake peke yangu.

Mkuu wa idara yetu anastaafu baada ya miaka mitatu. Ameniambia waziwazi, na mkurugenzi wa rasilimali watu amelirudia, kwamba jina langu ni mojawapo ya yanayofikiriwa kwa nafasi yake, lakini bodi haitampitisha mtu asiye na shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Mshahara wa mkuu wa idara ni kama mara moja na nusu ya wangu.

Niliomba nafasi katika vyuo viwili na vyote vimenikubalia. Cha kwanza kinafundisha darasani, kwa muda wote, mwaka mmoja, katika mji ulio mbali na nyumbani. Mwajiri wangu yuko tayari kunipa likizo bila malipo, ila hataahidi kwa maandishi kwamba nitarudi kwenye nafasi niliyoiacha. Ada ya chuo hicho ni sawa na mshahara wangu wa miezi 14, na nikijumlisha pango na matumizi ya kuishi mbali na familia, ni miezi mingine minne. Chuo cha pili kinafundisha kwa elimu masafa, kwa miaka miwili na nusu, na wanafunzi hukutana ana kwa ana kwa wiki moja kila mwaka. Ada yake yote ni sawa na mshahara wa miezi tisa, na hulipwa muhula kwa muhula. Muhula unaofuata unafunguliwa baada ya miezi minne.

Mume wangu anasema ataniunga mkono kwa lolote nitakaloamua, lakini juzi aliniuliza, bila ubaya, "Sasa hayo masomo ya masafa utayasoma saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Kaka yangu mkubwa, aliyenilipia ada ya sekondari na ambaye neno lake kwetu lina uzito, anaiita elimu masafa "shahada ya kwenye simu," na anasema mwajiri yeyote makini akiiona atacheka.

Mimi mwenyewe nina hofu nyingine. Mwaka jana nilijiandikisha katika kozi fupi ya uhasibu kwenye intaneti, ya bure. Wiki ya kwanza nilisoma kila usiku, nikiwa nimeketi kwenye meza ya kupigia pasi kwa sababu ndiyo iliyo mbali zaidi na chumba cha watoto. Wiki ya pili nilisoma mara mbili. Wiki ya tatu mtoto mdogo alishikwa na homa, na tangu hapo sijaifungua tena kozi ile, ingawa mpaka leo huniletea barua pepe ya kunikumbusha kila Jumatatu.

Kuna na jambo ambalo sijamwambia mtu. Ninapolifikiria darasa, kinachonijia machoni si masomo. Ninajiona nimekaa peke yangu katika chumba kimoja, mlango umefungwa, simu ya kazini imezimwa, na hakuna anayeniita. Ukiondoa likizo za uzazi, kwa miaka minane sijapumzika zaidi ya wiki mbili mfululizo. Sijui kama hamu hiyo ni ya elimu au ni ya kitu kingine.

Naomba ushauri wako: niache kazi nikasome darasani, au nibaki kazini na nisome kwa masafa?

Wako,
Njiapanda

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imeandikwa kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kuhesabu mizigo, na umenirahisishia kazi kwa kutaja hata yale ambayo wengi huyaficha. Nitakupa jibu kwanza, kisha sababu zake. Chukua elimu masafa, lakini usilipe ada kabla hujafanya jaribio nitakalokueleza hapa chini, na ile hamu ya chumba chenye mlango uliofungwa uitafutie dawa yake mbali na shahada.

Nianze na kaka yako, kwa sababu hofu yake ni nyepesi kuondoa kuliko yako. Kusoma ukiwa mbali na chuo hakukuzaliwa na simu. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwaruhusu watu wa popote kufanya mitihani yake bila kukaa katika madarasa yake. Nelson Mandela alitunukiwa shahada ya sheria na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1989 akiwa bado kifungoni, baada ya kusoma kwa njia ya posta. Uingereza ilianzisha chuo kizima kwa ajili ya wanafunzi wa masafa, Open University, mwaka 1969. Kwa upande wa biashara hasa, Chuo Kikuu cha Warwick kimekuwa kikitoa shahada ya uzamili kwa masafa tangu mwaka 1986, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kilitangaza kwamba kinaacha kudahili wanafunzi wa uzamili wa biashara wa muda wote darasani, ili kielekeze nguvu zake kwenye programu yake ya intaneti. Chuo kikubwa hakifungi darasa lake kwa ajili ya kitu cha kuchekesha.

Hata hivyo kaka yako hakosei moja kwa moja, na ningependa umwambie hivyo, kwa kuwa mtu aliyekulipia ada ana haki ya kusikilizwa. Zipo shahada za biashara zinazouzwa kama vocha: unalipa, unajibu maswali machache ya kuchagua, na cheti kinafika. Kinachozitenganisha na shahada ya kweli ni ithibati, yaani uthibitisho wa chombo kinachokagua ubora wa masomo, na siyo umbali kati ya mwanafunzi na chuo. Kwanza hakikisha kwamba chuo chako kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilipo, na kwamba mamlaka ya nchi unakofanya kazi inaitambua shahada hiyo hata kama imesomwa kwa masafa. Yako mataifa ambayo huweka masharti ya ziada kwa masomo ya namna hii, na ni heri ulijue hilo leo kuliko siku bodi itakapokuwa imelifungua faili lako mezani. Kisha tazama kama shule yao ya biashara ina ithibati ya kimataifa. Zinazojulikana zaidi ni tatu: AACSB, iliyoanzia Marekani mwaka 1916, AMBA, iliyoanzia Uingereza mwaka 1967 na inayoshughulika zaidi na shahada kama hii unayoitaka, na EQUIS, inayotolewa na EFMD, taasisi ya kuendeleza elimu ya usimamizi yenye makao yake Brussels. Shule nzuri inaweza kukosa zote tatu, kwa hiyo kuzikosa si hatia, lakini shule ikiwa nayo hata moja, maneno ya "shahada ya kwenye simu" yamekwisha. Waulize pia kama mitihani na wahadhiri wa masafa ni walewale wa darasani, na kama cheti hutaja namna ulivyosoma. Vyuo vingi havitaji.

Sasa nije kwenye yale ambayo darasa linayo na masafa hayana, maana sitaki ufikiri ninakuchagulia njia isiyo na hasara. Mimi mwenyewe nilisoma kwa masafa, enzi za bahasha na stempu. Somo la fedha lilikuwa na zoezi la kupima kama inafaa kununua mashine fulani: gharama ya kuinunua inatoka siku ya kwanza, mapato yanakuja kwa miaka mitano, na unatakiwa kuyarudisha mapato hayo kwenye thamani ya leo ili uyalinganishe na gharama. Nikazipunguza namba zote kwa riba, hata ile gharama ya siku ya kwanza, ilhali fedha inayotoka leo thamani yake ni ya leo na haipunguzwi. Kosa lilikuwa la mstari mmoja. Nikatuma zoezi, kabla halijarudi nikatuma la pili lenye kosa lilelile, kisha la tatu. Wiki tano baadaye bahasha ikaja, mkufunzi ameizungushia ile namba wino mwekundu na kuandika pembeni, "Huu ni mwaka wa sifuri!" Darasani, jirani yangu angenigusa kiwiko na jambo lingekwisha palepale.

Intaneti imefupisha wiki zile tano, lakini haikuziondoa kila mahali. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza kama programu ina video nzuri, uliza zoezi husahihishwa na kurudishwa baada ya siku ngapi, mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi, na kama kuna saa maalumu ya kila wiki ambapo unaweza kumuuliza mtu mwenye sauti na akajibu. Programu isiyoweza kukujibu maswali hayo kwa namba, iache.

Hasara ya pili ni mabishano. Shule ya Biashara ya Harvard, iliyoanzishwa mwaka 1908, ndiyo iliyoeneza ufundishaji wa visa: wanafunzi husoma habari za kampuni iliyokwama mahali fulani, wanaingia darasani, na mhadhiri humtaja mmoja bila kumwonya na kumwambia, "Wewe ndiye mkurugenzi. Unafanya nini?" Mwanafunzi akishamaliza, wenzake humshambulia. Ukikaa mwaka mzima katika hali hiyo, unazoea kuitetea namba yako mbele ya watu wasiokubaliana nawe, na urafiki unaotokana na vita hivyo hudumu. Wiki moja ya kukutana kila mwaka haiwezi kulipa yote hayo. Hudhuria kila siku yake, na usiifanye mapumziko.

Lakini wewe una kitu ambacho mwanafunzi aliyeacha kazi hana, nacho ni kampuni iliyo hai chini ya mikono yako. Utakapofika kwenye somo la mtaji wa uendeshaji, yaani fedha inayoendesha shughuli za kila siku, nenda ghalani kwenu. Chukua thamani ya vipuri vilivyomo, gawanya kwa thamani ya vipuri vilivyotumika mwaka mzima, zidisha kwa 365, na utapata siku ambazo fedha ya kampuni hulala rafuni kabla haijafanya kazi. Ifanye hesabu hiyo Jumanne usiku, mpelekee mkuu wako Jumatano asubuhi, na muulize kwa nini matairi hulala siku nyingi kuliko vichujio vya mafuta. Pengine ana sababu nzuri, na sababu hiyo haimo katika kitabu chochote. AMBA inataka wanaodahiliwa katika shahada hii wawe na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu angalau, na maana yake ni kwamba masomo haya yalipangwa kwa watu wenye mahali pa kuyajaribia. Wewe una miaka minane, na unaitikia kwa kichwa vikaoni mambo ambayo ungeweza kuyauliza kesho yake ukiwa na majina yake sahihi.

Tuingie kwenye fedha. Umenipa hesabu kwa miezi ya mshahara, nami nitaendelea nayo hivyohivyo. Njia ya darasani ina ada ya miezi 14, matumizi ya miezi minne, na miezi 12 ya mshahara ambao hutaupokea. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau, kwa sababu hakuna anayeleta ankara yake. Jumla ni miezi 30. Njia ya masafa ni miezi tisa. Ongeza mwezi mmoja kwa nauli na malazi ya wiki za kukutana, iwe miezi kumi. Tofauti ni mishahara 20. Ukiwa mkuu wa idara utapata nyongeza ya nusu mshahara kila mwezi, kwa hiyo utahitaji miezi 40 ya nyongeza hiyo, yaani zaidi ya miaka mitatu, ili kuliziba pengo hilo pekee, kabla hujarudisha hata thumni ya ada yenyewe. Na hayo ni iwapo nafasi utaipata, wakati mwajiri wako amekataa kuandika kwamba utarudi hata kwenye hii uliyo nayo sasa. Mtu anayekunyima maandishi amekwisha kukujibu.

Ukichagua darasa utamaliza mapema, lakini kiti unachokitaka kitakuwa bado kina mwenyewe. Hapa ndipo njia ya masafa inapobana pia, na sitakuficha. Miezi minne ya kusubiri muhula na miaka miwili na nusu ya masomo hukufikisha mwezi wa 34, na mkuu wako anaondoka mwezi wa 36. Ukishindwa somo moja ukalirudia, au ukiugua katikati ya tasnifu, umepitwa. Kwa hiyo nenda kwa mkurugenzi wa rasilimali watu umuulize swali moja: je, bodi itamfikiria mtu aliyemaliza masomo yote na kubakiza tasnifu? Ukipata jibu, mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru na kulirudia jibu hilo kwa maneno yake, ili libaki mahali.

Sasa swali la mumeo, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Utasoma saa ngapi? Katika mfumo wa Uingereza, shahada ya uzamili ina krediti 180, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kazi ya mwanafunzi, pamoja na kusoma, kuandika na kujiandaa kwa mitihani. Hizo ni saa 1,800. Vyuo vya mifumo mingine huhesabu kwa namna zao, lakini kazi yenyewe haipungui sana. Mwanafunzi wa muda wote huzimaliza kwa kiasi cha saa 40 kwa wiki. Wewe una wiki 130. Toa 20 za sikukuu, magonjwa ya watoto na misimu ambayo kazi hairuhusu hata kupumua, zibaki 110, na kila moja itakudai kama saa 16. Ukizigawa, ni jioni nne za saa mbili mbili, Jumamosi asubuhi saa tano, na Jumapili saa tatu. Kaa na mumeo, muweke karatasi mezani, na mwandike ni nani atawaogesha watoto katika jioni hizo nne na ni nani atawachukua Jumamosi. "Nitakuunga mkono kwa lolote" ni neno jema, lakini halina siku wala saa. Hilo alilokuuliza juzi ndilo lenye msaada zaidi kwako.

Kuhusu ile kozi ya uhasibu uliyoiacha wiki ya tatu, nadhani unajihukumu kwa ushahidi usiotosha. Kozi za bure za intaneti huachwa njiani na walio wengi wanaozianza, na ukitazama jinsi zilivyoundwa huwezi kushangaa: hulipi kitu, hakuna mwenzako anayekungoja, hakuna tarehe ya kukabidhi, na ukikosa wiki nzima hakuna anayekupigia simu isipokuwa ile barua pepe ya Jumatatu inayotumwa na mashine. Programu ya shahada ina mihula, mazoezi yenye tarehe, kikundi kinachongoja sehemu yako, na ada inayouma. Hata hivyo kuna kitu kimoja katika kisa chako ambacho sikipuuzi, nacho ni kwamba homa ya mtoto haikukusimamisha wiki moja tu. Ilikusimamisha moja kwa moja. Kukosa wiki kutatokea tena, pengine mara kumi katika miaka hiyo miwili na nusu. Kinachopaswa kupimwa ni kama unaweza kurudi.

Hilo ndilo jaribio lenyewe. Kuanzia wiki ijayo, kwa wiki nane, tenga zile saa 16 kana kwamba umekwisha kulipa. Fungua tena kozi ileile ya uhasibu, maana utaihitaji kwa vyovyote na shahada ya jiografia haikukuandaa kwa mizania, ile hesabu ya mali na madeni ya kampuni, na ongeza kitabu kimoja cha takwimu za biashara. Toka kwenye meza ya kupigia pasi. Meza ambayo lazima uiondoe vitabu ili nguo zipigwe pasi itakushinda kabla masomo hayajakushinda. Tafuta meza ndogo isiyo na kazi nyingine, hata kama ni ubao uliofungwa ukutani. Mtafute pia mfanyakazi mwenzako mmoja ambaye kila Ijumaa utamweleza ulichosoma. Katika wiki ya nne, kwa makusudi, usisome kabisa. Andika ni siku gani ya wiki ya tano ulirudi. Ukirudi Jumatatu au Jumanne, na ukifikisha saa 16 katika wiki tano kati ya saba zilizobaki, lipa ada. Ukishindwa, usilipe muhula huu, na usilazimishe darasa la muda wote kama adhabu. Mwombe mwajiri akupunguzie nusu siku kwa wiki, au uliza kama chuo kinaruhusu kuchukua somo moja kwa muhula badala ya mawili, ukijua kwamba hapo kiti cha mkuu wako huenda kikampata mwingine.

Ningekujibu kinyume kabisa kama ungeniambia unataka kuacha ugavi na kuingia, tuseme, benki ya uwekezaji au ushauri wa makampuni. Programu za miaka miwili za Marekani, kwa mfano, zina likizo ndefu katikati ambamo mwanafunzi huenda kufanya kazi kwa majaribio katika fani mpya, na makampuni huja chuoni kuchagua watu. Anayebadili fani ananunua mlango huo, na mlango huo haufunguki vizuri kwa masafa. Barua yako haina hata sentensi moja ya kutaka kuondoka katika ugavi. Umeutaja kwa kirefu, na bila kinyongo.

Kilichobaki ni kile chumba. Umeuliza kama hamu ile ni ya elimu, nami naona umejijibu ulipoandika kwamba hayo unayoyaona si masomo. Mtu aliyekwenda miaka minane bila kupumzika huanza kuota hata hospitali, ili mradi kuna kitanda na hakuna anayemwita. Ukiingia darasa la muda wote kwa ajili ya kupumzika, utakuta saa 40 za kazi kila wiki, chumba cha kupanga, na simu ya jioni ya mtoto wa miaka mitatu anayeuliza unarudi lini. Mwombe mwajiri likizo yako ya mwaka uichukue yote kwa mkupuo kabla muhula haujafunguliwa, na katika likizo hiyo tenga siku tatu au nne za kuwa peke yako, kwa ndugu au popote penye mlango unaofungika, bila kitabu. Mwambie mumeo sababu halisi. Usimwambie unakwenda kujiandaa kwa masomo.

Wiki nane za jaribio na hiyo likizo zinaenea katika miezi minne uliyo nayo, na bado utabakiwa na nafasi ya kurudisha fomu za udahili. Kile chuo cha darasani usikiandikie kukikataa mpaka wiki ya nane ipite. Waombe tu wakuambie siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi.